Maji yakitembea mwani unakufa au unazidi? Namjibu dada wa Kiomoni

Kuna dada kaniandikia kutoka Kiomoni, hapa hapa Tanga, jirani na mapango ya Amboni. Nalifupisha swali lake. "Shikamoo mwalimu. Nina bwawa la perege, mita 20 kwa 15, kina kama mita moja, maji nayaleta kwa mfereji toka kijito kinachoingia mto Sigi, mbolea natia samadi ya kuku. Kila kaskazi ikielekea ukingoni bwawa linageuka kijani, afu ule ukijani unajikusanya kona moja tu, kwenye mwembe, utadhani mtu kamwaga rangi ya mlango. Kijitoni kwenyewe hamna kitu, ni utelezi tu kwenye mawe. Shemeji ananambia ninunue pampu nizungushe maji kwa sababu mwani haukai kwenye maji yanayotembea. Jirani anasema nikizungusha ndo nitausambaza bwawa zima na utanona zaidi. Nimsikilize nani? Na mbuzi wangu wanakunywa kona ile ile, kuna neno?"

Marahaba dada yangu. Naanza na la mwisho maana hilo halisubiri. Mbuzi watoe pale leo hii, wasinywe kona ile, wala watoto wasichezee hayo maji. Mwani unaofanana na rangi iliyomwagika mara nyingi ni wa jamii ya sayanobakteria, yani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mwani, na baadhi yao wanatengeneza sumu inayopiga ini, na ukichemsha maji sumu ile haitoki. Kwa macho huwezi kujua kama wa kwako ni wa sumu au si wa sumu, ndo maana unauchukulia kama ni wa sumu mpaka uonyeshwe vingine. Wachotee mbuzi maji ya kijitoni, waweke beseni mbali na bwawa.

Haya, shemeji na jirani. Mi nakwambia wote wawili wameona kitu cha kweli, ila shemeji kaangalia mto na jirani kaangalia bwawa. Hili neno "maji yanayotembea" ndo linalowagombanisha, maana ndani yake kuna mambo matatu yasiyofanana hata kidogo: kuna maji yanayoingia na kutoka, kuna maji yanayopanda na kushuka pale pale, na kuna maji yanayosukumwa juu juu na upepo. Kila moja linaufanyia mwani kazi yake. Mwendo wa maji kwa kawaida hauui mwani, unachofanya ni kuchagua mwani upi upate nafasi na ukusanyike wapi. Ukilishika hilo swali la pampu linajijibu karibu lote.

Tuanze na kijito. Sisi watu wa Tanga tuna ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, basi maji ya kijito ndo hivyo hivyo, yanaingia leo yanaondoka leo, na mwani unaoelea ndani yake unaondoka nayo kabla haujazaana. Chembe ya mwani inazaa kwa kujigawa, moja inakuwa mbili, mbili nne, na kwenye joto letu hili ikipata chakula na jua inaweza kujigawa ndani ya siku moja au mbili. Sa chukua bwawa lako, 20 mara 15 mara 1, ni mita za ujazo 300, yani lita laki tatu. Kama mwani wako unajizidisha mara mbili kila siku mbili, basi ili maji yautoe kwa kasi ile ile unayozaliwa, inabidi kila siku upitishe karibu theluthi ya bwawa, lita laki moja na kidogo. Hizo ni dumu za lita 20 zaidi ya elfu tano kwa siku. Na kama unajizidisha kila siku moja hesabu inakuwa maradufu. Mfereji wako haufiki huko, na ukifika utakuwa unafukuza na samadi yako na chakula cha perege wako kwenda kwa watu wa chini. Kwa hiyo shemeji yuko sawa kwa mto, ila pampu inayochota maji kona hii na kuyatema kona ile ya bwawa hilo hilo haijatoa hata tone moja. Maji yanazunguka lakini hayaondoki, na mwani upo ndani unazunguka nayo.

Wa-Australia waliliona hili kwa ukubwa wa kutisha mwaka 1991. Mto Darling ulipungua maji mpaka ukawa kama mabwawa yaliyofuatana, na sayanobakteria wakatanda kwenye urefu wa karibu kilomita 1,000. Mto ulikuwa ni ule ule, kilichobadilika ni kwamba maji yalipata muda wa kukaa na kutulia.

Nataka ufanye kitu kimoja ukienda kijitoni. Okota jiwe la ukubwa wa ngumi, lile lililokaa kwenye maji yanayokwenda kwa kiasi, lisiwe la kwenye maporomoko, na uligeuze taratibu mkononi. Upande uliokuwa unatazama maji yanakotoka utakuta utelezi mwembamba wa kahawia, umeshika kama rangi, ukiukwangua kwa kucha unatoka kidogo tu. Ule kahawia mara nyingi ni dayatomu, mwani wenye ganda la silika, kitu kile kile kinachofanya kioo. Upande wa nyuma, ambako maji yanapoa mwendo, hapo mara nyingi unakuta nywele nywele za kijani, ndefu ndefu, zinapepea. Jiwe moja, maji ya aina moja, lakini mwendo wa mbele na wa nyuma umetenganisha wakazi wake. Wa mbele wamejibana chini maana anayeinua kichwa anang'olewa. Wa nyuma wamejiachia.

Ila usidhani hawa wa mbele wanateseka. Mwani ulioshika jiwe ndo unaofaidi mwendo wa maji kuliko mwani mwingine wowote. Chukulia watu wamekaa kuzunguka sinia la pilau. Kila mtu anakula kile kilicho mbele yake, mbele pakiisha ule wali wa katikati unaangusha mwenyewe polepole, na ukichelewa kuanguka watu wanakaa na njaa huku sinia lina wali. Ndivyo ilivyo kwa mwani kwenye maji yaliyotulia, unamaliza naitrojeni na fosforasi na hewa ya kaboni iliyougusa, afu unazungukwa na ngozi nyembamba ya maji matupu ambayo chakula kinaivuka pole pole mno. Maji yakipita yanaikwangua ile ngozi, inakuwa nyembamba, chakula kinafika haraka. Kwa hiyo kwenye mawe, mwendo ukiongezeka kutoka sifuri kwenda wastani, mwani unanona, hapo jirani yako kasema kweli kabisa. Ukizidi sana unaanza kuchanwa na kuondolewa, na masika yakishuka toka milima ya Usambara mto unabiringisha mawe yenyewe na mchanga unayasugua kama mtu anayesugua sufuria kwa majivu, ukienda wiki inayofuata mawe yako meupe. Na huko juu kabisa, vijito vya Amani, kuna kingine, ni kivuli. Msitu umefunika, jua halifiki, mwani hauna cha kufanyia kazi hata maji yakitembea vizuri kiasi gani. Kijito chako kikikatwa miti pembeni utaona ule utelezi unakuwa majani.

Sasa je, ile chembe moja inayoelea yenyewe bwawani, haijashika kitu, nayo inafaidi maji yakikorogwa? Hapa ndo watu wengi wanakosea, hata waliosoma. Jibu ni kwamba kwa chembe ndogo karibu haifaidi kitu. Maji yanavyovurugika yanatengeneza mizunguko mikubwa, ndani yake midogo, ndani yake midogo zaidi, mpaka unafika mahali maji yenyewe kwa unato wake yanazima mzunguko, na mahali hapo kwenye ziwa au bwawa la kawaida ni kama milimita moja hivi. Chembe ya mwani mdogo ni kama ukigawa milimita moja mara elfu ukachukua vipande vitano, yani ukizipanga 200 ndo unapata hiyo milimita moja. Kwake yeye ule mzunguko mdogo kabisa ni kama wimbi refu la kusi kwa ngalawa, huligongi wala hulikati, unainuka nalo unashuka nalo, na maji yaliyokuzunguka ni yale yale. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza vizuri mwaka 1977, kwamba kwa kiumbe mdogo namna hiyo maji ni mazito kama asali nzito kwetu sisi, akiacha kupiga mkia anasimama hapo hapo, hatelezi hata kidogo. Kwa hiyo kukoroga bwawa hakumlishi huyu. Anayelishwa na kukorogwa ni yule mkubwa, koloni lenye chembe mamia, maana yeye ni mpana kiasi cha maji kumpita pembeni. Kuna mwani mmoja mzuri mno kuutazama kwenye hadubini, unaitwa volvoksi, ni mpira wa kijani una chembe zaidi ya elfu na karibu kila chembe ina vimkia viwili vinapiga, na ile kazi ya vimkia si kuogelea tu, vinajisukumia maji yake vyenyewe ili vipate chakula. Yani huyu ukubwa umemletea njaa ya sinia na kajitafutia namna ya kulizungusha.

Tuje kwenye rangi ya mlango. Huo mwani wako, kwa ulivyoueleza, nahisi sana ni mikrosistisi, mmoja wa wale sayanobakteria, au ndugu yake. Unalijua tui la nazi, ukilikamua ukaliacha kwenye bakuli limetulia usiku kucha, asubuhi unakuta zito limepanda juu, maji maji yamebaki chini. Hakuna tui lililoongezeka, ni lile lile limejipanga. Bwawa lako asubuhi ya shwari ni bakuli la tui. Mikrosistisi ana vifuko vidogo vya hewa ndani ya chembe, vimejengwa kwa protini, vinamfanya awe mwepesi kuliko maji. Mjerumani mmoja, Klebahn, mwaka 1895 alichukua chupa imejaa maji ya namna hii mpaka mdomoni akaifunga kizibo afu akakipiga kizibo kwa nyundo, na ile shinikizo la ghafla ikavunja vifuko, mwani uliokuwa unaelea ukazama. Mpaka leo jaribio hilo linafundishwa. (Usifanye na chupa ya kioo nyumbani tafadhali.)

Na huyu mikrosistisi haelei tu kama boya, anajirekebisha. Mchana jua likimpiga anatengeneza wanga, wanga mzito, anashuka. Usiku anautumia ule wanga, anakuwa mwepesi, anapanda. Ndo maana kona yako inakuwa mbaya zaidi alfajiri kuliko saa tisa mchana, na ndo maana watu wanasema umeota usiku mmoja. Haujaota usiku mmoja. Ulikuwemo bwawani wiki nzima umetawanyika, hukuuona, usiku wa shwari ukapanda wote kwa pamoja.

Hapa sasa ndo mkusanyiko unapoingia, na naomba unisikilize vizuri maana ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kasi ya kupanda haifuati ukubwa hivi hivi, inafuata mraba wa ukubwa, koloni likiwa pana mara mbili linapanda mara nne, likiwa pana mara kumi linapanda mara mia. Chembe moja peke yake ingetumia siku na siku kupanda mita moja, hata mkondo mdogo wa joto la mchana unaishinda, lakini koloni kubwa linalolingana na punje ya uwele linavuka kina chote cha bwawa lako ndani ya masaa machache. Kwa hiyo kukaa kwa kundi ndo silaha yake. Na makundi yanajengwaje? Kwa kiasi fulani chembe zikigawanyika zinabaki pamoja kwenye ute, ila pia kwa kugongana, na kugongana kunahitaji mwendo. Waliokulia kwenye maziwa wanajua, ukitikisa kibuyu cha maziwa kwa muda ule mafuta yanagongana yanashikana unapata siagi, usipotikisa hupati. Maji yakikorogwa taratibu koloni zinagongana, ute unanata, makundi yanakua. Yakikorogwa kwa nguvu makundi yanachanika. Kwa hiyo pampu ndogo inayochezea maji juu juu inaweza ikakujengea mabonge makubwa yanayopanda haraka zaidi ukishaizima, na pampu kubwa inayavunja. Jirani na shemeji wote wanaweza kuwa sahihi kwenye bwawa hilo hilo kwa kubadilisha pampu tu.

Baada ya kupanda ndo upepo unachukua kazi. Upepo mwanana unasukuma ule utando wa juu kama unavyosukuma majani makavu, unaubana upande unakoelekea. Upepo ukizidi mita kama 3 kwa sekunde, pale mawimbi yanapoanza kuvunjika vunjika, unaurudisha chini unauchanganya. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo nadhani mwembe wako uko kona ya kusini magharibi, si ndiyo? Na mwisho wa kaskazi, kabla kusi haijashika, ndo zile siku za maleleji, joto kali, upepo hamna au unachezacheza tu, hali ambayo mikrosistisi angeiomba. Kusi ikiingia na masika, mawingu, matope toka mferejini, bwawa linakorogeka, ukijani unapungua wenyewe hata usipofanya kitu. Wewe umesema kila kaskazi ikiisha, umeliona kwa jicho lako bila kipimo chochote, hilo ni jicho zuri la utafiti.

Kwenye maziwa makubwa mambo haya haya yameleta balaa. China, ziwa Taihu, mwaka 2007 mwezi wa tano, ule utando ulikusanyika mahali mji wa Wuxi unapochotea maji, watu wapatao milioni mbili wakakosa maji ya bomba ya kunywa kwa karibu wiki. Ziwa zima halikuwa bovu sawasawa, upepo uliupeleka uchafu mdomoni mwa bomba. Sisi mjini maji yetu tunayatoa bwawa la Mabayani, nalo ni mto Sigi uliosimamishwa, ndo maana mi nasema kila mara kwamba anayetunza samadi na mmomonyoko huko juu anatunza chai ya mtu wa Ngamiani hapa mjini.

Kuna na ile mistari. Wavuvi wanaijua sana baharini, mistari mirefu ya povu na majani inafuata upepo unakoelekea, imeachana kwa nafasi inayokaribiana. Irving Langmuir aliiona akivuka Atlantiki mwaka 1927, mwani wa baharini umejipanga mistari, akaenda kujaribu kwenye ziwa George huko New York na mwaka 1938 akachapisha maelezo yake, kwamba upepo unafanya maji ya juu yajizungushe kama magogo yaliyolala sambamba, na pale magogo mawili yanapokutana yakishuka chini kinachoelea kinabaki juu kwenye mstari. Bwawa lako ni dogo mno kwa hilo, lakini ukienda kwenye bwawa kubwa siku ya upepo ukaona mwani umejichora mistari, ujue hujaota, na usichukue sampuli moja tu ndani ya mstari ukasema bwawa zima liko hivyo, wala usichukue nje ya mstari ukasema hamna kitu.

Na wapo wanaojikusanya kwa kuogelea. Klamidomonasi, mwani wa chembe moja, ana vimkia viwili na sehemu yake ya chini ni nzito kidogo, kwa hiyo kwenye maji tulivu kichwa kinakaa juu, anapanda. Mtafiti John Kessler alionyesha mwaka 1985 kwamba ukiwapitisha kwenye bomba maji yakishuka, ile tofauti ya mwendo kati ya kati na pembeni inawapindua vichwa wote wanaogelea kuja katikati ya bomba, wanakuwa uzi mmoja wa kijani. Geuza maji yapande, wanakimbilia kwenye kuta. Maji hayajawabeba kwenda huko, yamewageuza tu, wao wenyewe ndo wakaenda.

Basi pampu. Kuna mfano mmoja watu wa pampu wanapenda kuutaja, ziwa Nieuwe Meer pale Amsterdam. Kuanzia 1993 walipuliza hewa toka chini, maji yakawa yanachanganyika mpaka chini, na mikrosistisi akashuka sana, nafasi yake ikachukuliwa na mwani wa kijani na dayatomu. Ni kweli kabisa ilifanya kazi. Lakini ziwa lile linafika mita 30 hivi kwenda chini. Ukikoroga hapo unamshusha mikrosistisi gizani masaa mengi, hapati jua, na ule uwezo wake wa kupanda unazidiwa na kasi ya maji. Dayatomu kwa upande wake ni nzito, zina lile ganda, kwenye maji tulivu zinazama zinakufa, kwa hiyo kwao kukorogwa ni kuokolewa. Ziwa Victoria nalo hivyo hivyo, kusi ya katikati ya mwaka ikilikoroga ndo dayatomu zinapata zamu yao. Na Tanganyika, lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, huko kukoroga kunaongeza mwani badala ya kupunguza, kwa sababu chakula kimelala chini na upepo ndo unaokipandisha, utafiti uliotoka 2003 ulionyesha joto limepunguza kuchanganyika na uzalishaji wa mwani ukashuka kwa karibu asilimia 20, na dagaa wanakula kwenye mnyororo huo huo. Kwa hiyo kina ndo kinachoamua. Bwawa lako ni mita moja. Hakuna giza la kumshushia mtu. Ukilikoroga kutwa utafanikiwa kuondoa ile rangi ya mlango juu, utapata supu ya kijani kotekote, na pampu ikielekezwa chini itainua matope yenye fosforasi ya samadi ya miaka yote uliyotia.

Ila hewa ya usiku nakubali, tena nakusihi. Mwani ule ule unaotoa oksijeni mchana unaivuta usiku, na alfajiri ndo inakuwa imebaki kidogo kabisa, perege utawaona midomo juu wanahema. Kama una hela ya mashine ya kupuliza hewa, iwashe saa nane usiku mpaka saa moja asubuhi, na mawe yake ya hewa yaning'inie juu ya tope kwa urefu wa nusu mkono, yasiliguse tope. Mchana kama saa nane hivi washa nusu saa, hapo maji ya juu yana oksijeni kuliko wakati wowote na ya moto, ya chini yamepoa na yamekaa hayana hewa, ukiyachanganya kidogo tope la chini linapata hewa na linaacha kutoa fosforasi ovyo. Huo ndo mwendo wa maji unaokufaa wewe, mwendo wa kupanda na kushuka, wa taratibu, wa masaa maalum.

Kabla hujatoa shilingi fanya vipimo viwili vya bure. Chukua chupa safi ya plastiki inayoonyesha, chota maji kutoka katikati ya bwawa, usichote kwenye kona, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, ifunge, iweke kivulini isiguswe mpaka kesho yake. Ukikuta pete ya kijani imepanda shingoni, mara nyingi ni jamii ya mikrosistisi. Ukijani ukilala chini au ukibaki umetawanyika, mara nyingi ni mwani wa kawaida tu, huo perege wanaula na huna haja ya kugombana nao. Nyuzi nyuzi zinazoning'inia kwenye kijiti kama nywele zilizolowa ni kitu kingine tena, mara nyingi spirogaira, hizo vuta kwa reki utie kwenye shimo la mbolea. Kipimo cha pili ni mkono. Asubuhi kama saa nne, upande usio na utando, zamisha mkono umenyooka kiganja juu mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea maji yakiwa bado hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi, acha samadi kabisa na punguza pumba mpaka kiganja kionekane tena, hapo ndo penye dawa yenyewe kuliko pampu yoyote, maana mwendo wa maji unaupanga mwani lakini samadi ndo inayouzaa. Kikionekana wazi hata ukizidisha kiwiko, bwawa lina njaa, rudisha samadi kidogo.

Na ile kona ya mwembe itumie. Upepo unakufanyia kazi ya kuukusanya bure, sa wewe alfajiri kabla jua halijaushusha, pita na kitambaa cha kanga kuukuu kilichofungwa kwenye fremu ya mti, uvune utando wote uutoe uutupe mbali na maji, uufukie, usiwape kuku. Ukifanya siku tano au sita za shwari mfululizo unakuwa umetoa mwani na chakula kilichomo ndani yake. Mtu asikushauri kumwaga mrututu, mwani ukifa wote kwa mpigo ukioza unamaliza oksijeni, na kama una sumu chembe zikipasuka zinaimwaga majini, utaokota perege kwa ndoo.

Bomba lako la kutolea maji liko wapi, juu au chini? Kama linatoa maji ya chini linamwacha mikrosistisi amekaa na kuondoa maji mazuri. Wakati wa kaskazi litolee juu, pale pale kwenye mwembe, hata kwa mfereji mdogo unaofungua asubuhi tu, ukiuelekeza shimoni na usiurudishe kijitoni kwa watu wa chini. Kusi ikishika, utando ukitokea utahamia ukingo wa pili, na wewe uhame nao.